Tovuti Iliyosema "Picha" Tu

Bi Sindano alishona nguo za watu miaka nenda miaka rudi. Kisha mtoto wa kaka yake akamwachia kompyuta kuukuu, na yeye, kwa udadisi wake usiotulia, akaanza kujifunza kutengeneza tovuti.

"Mke wangu, sasa utashona hewa?" mumewe akamtania.

"Nikiweza kuipiga pindo, nitakushonea suruali."

Lakini kujifunza bila kazi ni kuogelea nchi kavu. Akaenda kwenye karakana ya mafundi vipofu wanaofuma viti vya kamba, akajitolea kuwatengenezea tovuti bure. Mungu si Athumani: shule moja ilikuwa inatafuta viti, ikaomba kuviona mtandaoni kufikia Jumatatu. Mkuu wa karakana, mzee kipofu vilevile, akatoa sharti: "Haifunguliwi kwa watu mpaka mimi niisikie." Simu yake humsomea kwa sauti kila anachogusa.

Jumamosi Bi Sindano akaileta. Bei, maelezo, namba ya simu, vyote alivichora ndani ya picha kwa herufi za maua. Mzee akagusa.

"Picha," simu ikasema. Akagusa kwingine. "Picha. Picha. Picha."

"Dada, umenijengea nyumba nzuri, mlango umeusahau!"

Uso ukamshuka, lakini swali likaishinda aibu: kwani simu inaona nini? Akaiomba, akafumba macho, akapapasa kioo chake. Picha, picha. Basi, maneno yaliyochorwa ndani ya picha simu haiyajui, inataka yaliyoandikwa. Akarudi nyumbani, akafumua kazi yote kama pindo lililokwenda upande, akaandika kila neno upya na kuipa kila picha maelezo ya kusomwa.

Jumapili baada ya ibada akairudisha. Simu ikasema: "Kiti cha mikono, mgongo mrefu, kamba nene."

"Rangi?" mzee akauliza.

"Nilidhani... wewe..."

"Mimi sioni, sawa. Na mwalimu anayenunua akinipigia kuuliza rangi, nimjibu nini?"

Wafumaji wakaangua kicheko, Bi Sindano naye akacheka mpaka machozi. Akakaa palepale, akaangalia kiti kimoja kimoja, akaandika: kahawia, kijani, cheupe chenye mistari. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Alipogusa namba ya karakana, simu yake ikaipiga, na ile ya mezani pale karakanani ikaanza kulia.

"Haya, dada," akasema, "wafungulie watu."