Aliyesema ni Nani?

"Aliyesema hayo ni nani?" Bibi aliniuliza mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani.

Hata sasa harufu ya maziwa yaliyoshika moshi hunirudisha kijijini Mtua, kwenye ua wetu, wanawake wakipepeta ufuta. Nilikuwa darasa la tano. Nyumbani simu ya kupangusa ilikuwa moja tu, ya Mjomba, na kazi yangu ilikuwa kuwaelezea wazee kwa Kimwera yale yaliyotumwa humo. Kazi hiyo ilinivimbisha kichwa. Watu wazima walinyamaza mimi nikizungumza!

Siku hiyo ilikuja sauti ya mwanamume asiyejitaja. Alisema wafugaji wanachanganya maziwa na dawa ya ng'ombe, watoto wamelazwa, tuwatumie wenzetu habari hiyo upesi. Nikaeleza yote. Kisha, kwa kuwa bado walikuwa wananitazama, nikaongeza langu: "Hata mimi hiyo dawa nimeiona kwa akina Milembe."

Milembe nilikaa naye dawati moja. Familia yake ilikuja na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa, na kila alfajiri alipitisha dumu la maziwa nyumba kwa nyumba. Daftari na sare zake zilitoka humo. Dawa niliiona kweli. Baba yake alikuwa akiwapulizia ng'ombe kuua kupe. Sehemu hiyo sikuisema.

Ndipo Bibi akauliza swali lake, ungo mkononi.

"Si kwenye simu, Bibi!"

"Simu ina mdomo? Mama yake nani?"

Wanawake wakacheka, lakini walimcheka yeye. "Bi Mkubwa, umeachwa nyuma," mmoja akasema. "Siku hizi habari ziko huko."

Kesho yake dumu la Milembe lilirudi limejaa karibu kama lilivyotoka. Haikupita wiki, maneno yangu yakanikuta kisimani yamenenepa: sasa eti nilimwona mama yake Milembe akikoroga. Shuleni wavulana walimpokea kwa "Mooo!" na kumuuliza leo kabeba sindano ngapi. Alinigeukia mimi.

"Zuhura, si ulikuja kwetu ukanywa? Waambie basi."

Nikainama, nikachonga penseli iliyokwisha kuchongoka.

Mvua zilipoanza, nilikuwa nakaa peke yangu kwenye dawati. Nilisikia wamehamia upande wa mto Mbwemkuru, na kwamba Milembe shule ndiyo basi tena.

Chuoni wenzangu hunitania kwamba siamini hata saa ya ukutani. Kila habari nauliza imetoka wapi, nani kaiona, kwa nini tuharakishe. Nacheka nao. Hawajui swali hilo ni la nani, wala lilinikuta nimekaa upande gani.

Mwaka jana, tulipotoka kumzika Bibi, mama alinieleza jambo. Uji wangu wa asubuhi msimu ule, ambao nilidhani weupe wake ni wa karanga, ulikuwa na maziwa. Bibi alikuwa akimngoja Milembe nyuma ya banda la kuku kabla sijaamka, akinunua kikombe kimoja kila siku, mpaka siku waliyohama.