Samaki wa mbu waliookoa kisima chetu Mji wa Kale, na kwa nini nilimnyima kaka yangu

Assalaam aleikum wakuu, na ambao salamu yenu ni nyingine, hamjambo nyote.

Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Lakini nimeona mtu anauliza kama mbu wa kisimani wanaweza kumalizwa bila kutia dawa, nikasema hapa sipiti kimya. Haya yamenipata mwenyewe, nyumbani kwangu. Nimebadilisha majina tu, maana wenyewe wako hai na baadhi yao wanasoma humu humu.

Mimi ni Mdigo wa Kwale, nimeolewa Mji wa Kale hapa Mombasa. Mume wangu, nimwite Salim, hutengeneza injini za boti kule Liwatoni. Tunakaa nyumba ya ukoo wao, ile ya kizamani yenye kuta nene, na katikati ya ua kuna kisima.

Chini tunakaa sisi na mama mkwe wangu, Bi Zuhura. Juu anakaa Ami Swaleh, ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe, pamoja na mkewe. Ami ndiye msimamizi wa nyumba. Akisema jambo, limekwisha.

Anayeishi Mji wa Kale anajua habari ya mfereji, yaani bomba. Maji yakija ni sherehe. Yasipokuja, kisima ndicho mkombozi. Chetu kina maji ya chumvichumvi, hayanyweki, lakini ndiyo ya kufulia, kuoga, kutawadha na kumwaga chooni. Kisima kikifa, mzigo wote unarudi kwa wanawake. Wanaume, hapo someni mara mbili.

Basi mwaka mmoja baada ya masika, dengue ikaingia nyumbani.

Ikampata Bi Zuhura. Wazee huiita kidingapopo, na aliyeipata anajua kwa nini imepewa jina la kutisha. Alilia mifupa. Macho yalimuuma hata mwanga wa dirisha hakuutaka. Siku alipotema mate yakatoka na damu ya ufizi, Salim alimbeba mgongoni kama mtoto, tukapita naye vichochoroni mpaka barabarani kwenye gari, tukampeleka hospitali.

Wakuu, yule mama, nilipoolewa, alinipokea mimi vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilipokaa pale kitandani kwake nilikuwa naomba dua huku nimeshika mguu wake chini ya shuka, nione kama bado una joto.

Alipona, Alhamdulillahi. Akarudi nyumbani amekonda, hana nguvu hata ya kusuka ukili wa mikeka, kazi anayoipenda.

Jioni ile ile Ami Swaleh akafunua kisima, akamulika tochi. Akatuita.

Maji yalikuwa yanacheza. Viluwiluwi vya mbu, tele, vinajipinda juu chini, juu chini.

"Mumeona?" akasema. "Hichi ndicho kilichotaka kumuua shemeji yangu. Nitaita fundi alete kifusi, kifukiwe."

Salim akakubali. Mke wa Ami akakubali. Hata mimi moyo ulikubali kwa dakika moja, kwa hasira.

Halafu nikafikiria ndoo za kubeba kutoka mbali.

Nikasema, "Ami, nakuomba. Nipe muda mpaka mwezi uandame. Nikishindwa, nitamshikia fundi sepetu mwenyewe."

Akanitazama. "Utafanya nini?"

"Nitatia samaki."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini ahadi akanipa. Ami ni mkali, si mbaya.

Wazo sikulitoa hewani. Nilikuwa nimesikia kuna samaki wadogo wa maji matamu, wadogo kuliko kidole, midomo yao imeelekea juu kwa sababu chakula chao kiko juu ya maji. Wanaitwa gambusia, au samaki wa mbu. Ndugu zao ni wale gapi wenye mikia ya rangi ambao watu hufuga kwenye vioo.

Nikaenda kwa muuza samaki wa urembo mjini. Gapi alikuwa nao wengi, wanametameta. Gambusia alikuwa amewaweka kwenye ndoo nyuma, rangi ya majivu, anawalishia samaki wakubwa. Nikamwambia nawataka hao hao. Akashangaa.

Nikarudi nao kwenye mfuko wa plastiki, nimejaa furaha, nikawamimina kisimani mbele ya watu wote.

Asubuhi walikuwa wanaelea. Wote.

Sitaki kuficha, nilitahayari. Mke wa Ami alikuja na ndoo yake, akatazama, akaondoka bila kuteka. Salim akawaopoa kwa chujio. Harufu ilibaki uani mpaka Adhuhuri.

Ami akapita akasema tu, "Mwezi bado haujaandama." Ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nikarudi kwa yule muuzaji. Kumbe kosa lilikuwa jepesi. Samaki hawa wanavumilia chumvi, lakini si kwa ghafla. Nilikuwa nimewatoa kwenye maji matamu na kuwatupa kwenye maji ya chumvi, kama mtu uliyemwamsha kwa kumwagia barafu.

Safari ya pili nikanunua wengine, nikaweka beseni kubwa kibarazani, penye kivuli, nikatia majani ya majini. Kila siku nikawa natoa kikombe cha maji yao matamu na kutia kikombe cha maji ya kisima. Pole pole. Maji ya mfereji sikuyatia, yana dawa.

Na hapa ndipo Bi Zuhura alipoingia kwenye kisa.

Alikuwa hana la kufanya ila kukaa kibarazani apigwe na upepo. Siku za mwanzo aliligeuzia beseni mgongo. Baadaye nikamkuta ameligeukia. Baadaye tena nikamkuta amevaa miwani.

Alasiri moja niko jikoni nakuna nazi, nikasikia ananiita kwa kelele, na kwao "ndoo" ni njoo.

"Ndoo! Ndoo upesi!"

Nikadhani ameanguka. Nikatoka mbio na kifuu mkononi.

"Tizama!" akasema, ameinamia beseni. "Yuwazaa! Wallahi yuwazaa kama mtu!"

Samaki jike, yule mwenye tumbo kubwa na doa jeusi, alikuwa anatoa watoto wazima. Hakutaga mayai. Kila mmoja alitoka amejikunja, akajinyoosha, akaogelea. Mke wa Ami akashuka ngazi. Jirani akachungulia mlangoni, akaingia. Tukawa wanawake wanne tumezunguka beseni kama tumeitwa na mkunga.

Mara jike akageuka akammeza mmoja wa wale watoto.

"Astaghfirullah!" Bi Zuhura akatia mkono majini kuwakinga. "Mama gani weye!"

Ndiyo wakuu, hula watoto wao. Ndiyo maana ya yale majani, watoto wapate kujificha. Tulicheka mpaka machozi. Na mimi nililia kidogo kweli, maana ilikuwa mara ya kwanza kusikia Bi Zuhura akicheka tangu augue.

Tangu siku hiyo samaki wakawa wake. Mtu akinung'unika kuhusu udhu, yeye ndiye alijibu: "Birika za misikiti zilitiwa samaki tangu sijazaliwa, na watu wakitawadha. Samaki hanajisi maji."

Walipozoea chumvi tukawateremsha kisimani kwa ndoo, taratibu. Sikuwapa chakula chochote. Msifanye kosa hilo: ukiwashibisha mkate, viluwiluwi hawatavigusa.

Mwezi ukaandama. Ami Swaleh ni mtu wa neno lake, akaja na fundi.

Akafunua kisima, akamulika. Akainama zaidi. Akamulika tena pembeni, kwenye mawe.

Maji yalikuwa yametulia. Vivuli vidogo tu vikipita chini ya tochi.

"Hamna," akasema fundi.

Ami akainuka. "Sawa. Kisimani hamna. Lakini mbona mimi huko juu bado naumwa na mbu, tena mchana?"

Kwa kweli hata sisi chini tulikuwa bado tunaumwa, ingawa si kama zamani.

Bi Zuhura akaongea kutoka kitini kwake. "Swaleh, lile tangi lako la darini lina kifuniko?"

Ami akamgeukia mkewe.

"Kilipeperushwa na upepo," akasema mke wa Ami. "Nilimwambia."

Tukapanda sote, na Bi Zuhura nyuma yetu, ngazi moja moja, ameshika ukuta. Tangi lilikuwa wazi, na lilikuwa linacheza vile vile kama kisima kilivyokuwa kinacheza. Mbu wa dengue hupenda maji safi yaliyotulia, na maji ya Ami yalikuwa safi sana.

Nilidhani atakasirika. Akalitazama tangi, akamtazama shemeji yake anayehema baada ya ngazi, akamshika mkono akamkalisha juu ya debe.

"Nisamehe, shemeji," akasema. "Nilikuwa naua kisima bure."

Fundi hakwenda bure. Tangi lilimwagwa, likasuguliwa, likafungwa kwa wavu wa waya. Tukageuza makopo yote ya maua, tukatupa tairi moja bovu. Baada ya hapo ndipo nyumba ilipotulia kweli.

Habari ikatoka. Watu wakaja, mpaka kutoka Majengo, kuomba samaki wa kutia kwenye visima vyao. Bi Zuhura akawapa, baada ya kuwahoji kama wanaposa.

Kisha akaja kaka yangu Hamisi kutoka Kwale. Ana shamba la mpunga na karibu yake kuna kidimbwi kinachoungana na mto. Alitaka ndoo nzima.

Nikamwambia hapana.

"Umekuwa mtu wa mjini," akasema. "Unawapa wa Majengo, unamnyima ndugu yako wa tumbo moja?"

Iliuma. Lakini nilikuwa nimewaona hawa samaki kwa karibu. Wanakula chochote kinachoingia mdomoni. Na nilikuwa nimesoma kwamba wakiingia mtoni hawatoki tena, wanamaliza mayai na watoto wa samaki wenyeji. Kisimani wamefungwa, kama simba aliye kizimbani. Mtoni ni habari nyingine.

Hamisi akaondoka bila kunywa chai.

Wiki iliyofuata nikamfuata Kwale. Hakuniamkia vizuri. Nikamwambia, "Njoo tuteke hapo kwenye mtaro wa mpunga kwa leso yangu." Akaja kwa shingo upande.

Tulipoinua leso kulikuwa na visamaki vidogo, vyembamba, juu ya jicho kuna mng'ao wa buluu kama taa. Tuliviona utotoni kila siku, hatukuwahi kuvijali. Nao ni jamaa wa mbali wa gambusia.

Nikavitia kwenye sufuria, nikavitilia viluwiluwi nilivyovitoa kwenye pipa lake mwenyewe.

Havikubakisha hata kimoja.

Hamisi akachuchumaa, akachungulia ndani ya ile sufuria. Kisha akamwita mkewe: "Weka chai, dada yangu amekuja."

Wakuu, nililojifunza ni hili. Samaki wanafanya kazi, nimeona kwa macho yangu. Kisima, birika, tangi, popote pasipoungana na mto, tieni bila wasiwasi. Wazoesheni maji kwanza, msiwalishe, na mkague kila chombo kilicho wazi, kwa sababu samaki hawezi kupanda darini. Na wenye kidimbwi, mto au shamba, tazameni kwanza mnachokanyaga kabla ya kuleta mgeni.

Nyongeza: wanaouliza, hatuuzi. Ila mkija, jiandaeni kwa maswali ya Bi Zuhura.

Na nyinyi huko kwenu vile visamaki vyenye jicho la buluu mnaviitaje? Sisi tumekaa navyo miaka yote bila kuvipa jina. Uwanja ni wenu.