Pankras na Mlango wa Pijo

Pankras Ndunguru alikuwa fundi bodi pale Mbinga, nyuma ya duka la Masoudi. Mimi nilikuwa nashona viatu kwenye kibaraza cha duka hilohilo, kwa hiyo kazi yake niliiona kila siku. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na akigonga bati alipenda kuimba sauti ya nne ya kwaya. Ukisikia amenyamaza, ujue kuna kitu kimemshinda.

Miaka mingi alifanya kazi bila vipuri. Gari likigongwa, alikata pipa la mafuta, akalikunja kwa nyundo mpaka lifananefanane na kile kilichoharibika. Ulipokuja wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka yalianza kujaa tena, na Masoudi akawa analeta kutoka Dar es Salaam milango na madigadi yaliyong'olewa kwenye magari mabovu. Siku Pankras aliposhika mlango wa kwanza ulionyooka, aliugeuzageuza juani, akasema hata kuugonga anaona aibu.

Mlango huo ulinunuliwa kwa ajili ya gari la Gertruda, mjane mwenye shamba la kahawa nje kidogo ya mji. Mumewe, marehemu Wendelin, alimwachia Pijo 404 ya zamani sana. Wendelin aliwahi kuigonga kwenye ukingo wa barabara, mlango wa mbele kushoto ukapondeka pamoja na madigadi ya upande huo. Tangu hapo mlango ulifungwa kwa kamba.

Mama yake Gertruda, Bibi Tereza, aliishi peke yake Kihagara, ziwani, na macho yalikuwa yanamwacha. Gertruda alitaka kumleta nyumbani kwake. Lakini safari ya mwisho ya bibi huyo katika gari lile, kamba ilifunguka kwenye kona, mlango ukaachia, na kapu lake la usipa, wale dagaa wa ziwani, likaenda bondeni. Yeye mwenyewe alidakwa kwa upindo wa kitenge. Akaapa kwamba hapandi tena gari linalofungwa kama mbuzi wa mnadani. Na sasa mvua zilikuwa karibu. Zikianza, barabara ya kuteremka ziwani hukatika.

"Fundi," Gertruda alimwambia Pankras, "mama akibaki kule peke yake mvua hizi, mimi sitalala. Ufunge mlango huo."

Pankras alilipandisha gari juu ya magogo, kwa sababu chuma cha chini ya milango kilikuwa kimeliwa na kutu naye alitaka kukiunga. Likiwa huko juu, akautundika mlango kwa bolti ambazo hakuzikaza. Alikuwa na kijiti cha mwanzi alichokichonga bapa. Alikipitisha kwenye mwanya kati ya mlango na bodi, kutoka juu mpaka chini. Kikikwama, alilegeza bawaba na kuusukuma mlango kwa goti. Kikipwaya, alitia kipande cha bati nyuma ya bawaba. Madigadi yakafuata mlango, boneti ikafuata madigadi. Mwishowe kijiti kilipita kote kama kisu kwenye parachichi. Akakaza, akapaka rangi, akaita watu waone.

Gari likashushwa. Gertruda akapanda na shemeji yake Vitalis, ambaye ndiye dereva, na jamaa wengine wakajaza nyuma. Mlango ukagonga juu, ukarudi. Ukasukumwa kwa nguvu, ukarudi tena, na pembe yake ikakwangua rangi mbichi.

Ausi, fundi ndoo wa jirani, alikuwa amesimama na mikono kiunoni. "Fundi, mlango unafunga vizuri sana," alisema. "Waambie tu abiria wakae nje."

Watu walicheka. Gertruda hakucheka. Aliokota ile kamba, akaishika.

Pankras akanyamaza mchana kutwa. Mtu mmoja alimshauri aisage ile pembe kwa tupa, akakataa, akasema vumbi na mvua vitaingia hapo. Alilala chini ya gari, akatuomba tupande na kushuka, tupande na kushuka. Ndipo akaliona kosa lake. Alikuwa amepanga mlango kwenye gari tupu lililokaa juu ya magogo, na bodi ya Pijo ile kuukuu, ikipakiwa, inabonyea katikati kama kitanda cha kamba. Tena gari linalotoka ziwani haliji tupu hata siku moja. Nani atawapita watu barabarani?

Kesho yake alilegeza bolti zote na kutupakia. Aliniweka mbele, na nyuma akamweka Tunu muuza maandazi na wanakwaya wawili. Gunia la mahindi likapanda juu.

"Na wewe uliyecheka," akamwambia Ausi, "ingia. Una uzito."

Tukakaa humo naye anazunguka na kijiti chake. Tunu akauliza Songea tunafika saa ngapi. Pankras alikaza bolti za mwisho tukiwa bado ndani, akafunga mlango, ukaitika mara moja.

Tuliposhuka, mwanya wa juu ukawa mpana kuliko wa chini. Hata mimi wa viatu niliuona. Gertruda aliuona pia, akasema marehemu hakumwachia gari lililopinda.

"Likiwa tupu limepinda, mama," Pankras alijibu. "Mama yako hatakuja likiwa tupu."

Alikwenda nao Kihagara, spana mfukoni. Yaliyotokea huko alinisimulia Vitalis. Bibi Tereza aliitikia shikamoo zao, kisha akapapasa mlango kwa vidole.

"Hapa juu pana mdomo," alisema.

Pankras akamwomba akae kwanza. Majirani wakapanda na usipa wao na kuku. Bibi akatoa mkono dirishani, akapapasa tena kuanzia juu, asiukute ule mdomo. Akaufunga mlango mwenyewe. Akaufungua. Akaufunga tena.

"Twendeni," akasema.

Njia nzima alishika kitasa. Pankras, aliyebanwa nyuma kati ya makapu, hakutoa sauti mpaka walipoipita ile kona. Hapo akaanza kuimba.

Bibi Tereza akamwambia apunguze sauti, asije akalegeza bolti.