Mjomba wa Steringi

Mama yangu alipopunguzwa kazi kiwandani, wenzake walinunua cherehani au wakafungua genge la nyanya. Yeye alinunua mabomba chakavu, akamwita fundi wa kuchomelea aliyefanya kazi naye, akatengeneza bembea. Watu wa mtaa wetu, Mwembesongo, walidhani kiinua mgongo kimempanda kichwani. Lakini mama alikuwa ameona jambo. Mtoto wa sikukuu, iwe Idi au Krismasi, akishavaa nguo mpya na kushiba wali, hana pa kwenda. Anazunguka mitaani akionyesha viatu mpaka vimbane, halafu anarudi nyumbani kulia. Mama aliamua kumpa pa kwenda.

Kiwanja kilikuwa cha ukoo, mahali ambapo bibi alilima mpunga kabla mji haujamfikia. Kwetu sisi Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na msimamizi wake ni mjomba. Baba ni mgeni anayeheshimiwa sana, na baba yangu alikuwa wa kwanza kulisema hilo huku akicheka, hasa siku za kupalilia. Kwa hiyo mjomba wetu, kaka mkubwa wa mama, alishuka kutoka kwake huko milimani mbele ya Mkuyuni, akazikagua bembea, akakalia moja, ikalia kwii, akasema tuendelee. Hicho ndicho kilikuwa kibali chetu.

Tuliendelea vizuri mpaka ruksa ya biashara huria ilipoingia kila mahali. Maduka yaliyokuwa na viberiti tu yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa barabarani, na video zikaja. Karibu na kwetu Mnyamwezi mmoja alifungua banda la video, mabenchi manne na jenereta lenye kelele kuliko filamu yenyewe. Halafu karibu na stendi tajiri fulani akafungua kiwanja cha bembea zinazozungushwa na injini, muziki juu. Sikukuu iliyofuata watoto walikuja kwetu asubuhi tu. Mchana mama alikaa peke yake kwenye bembea zake, mkoba wa tiketi mapajani.

“Idi ijayo ikiwa hivi,” alituambia, “nauza haya mabomba, narudi mlimani kulima.”

Mama hakupenda kulima hata kidogo. Alikuwa na goti bovu, na mashamba ya kwetu yamesimama wima. Mimi na kaka yangu tulielewa kwamba hayakuwa maneno ya hasira, alikuwa ameshakata shauri. Iliniuma sana, kwa sababu sijawahi kumwona mama akiwa na furaha kama alipokuwa akisukuma watoto wa watu.

Kaka, aliyekuwa akichora mabango ya maduka, ndiye aliyeleta wazo. Tujenge nyumba ya filamu. Upande wa juu wa kiwanja palikuwa wazi; tuweke kibanda kirefu cha mabati, ndani tuchore kuta zote, mtoto aingie mlango mmoja na kutokea mwingine kama amepita ndani ya filamu. Injini hatuna, lakini rangi tunayo. Mama akakubali mara moja. Shida ikawa ni filamu ipi.

Hapo mtaa ukagawanyika. Kaka aliongoza watu wa Kichina, yaani wapenzi wa filamu za makonde. Walitaka chuo cha mapigano, na magunia yaliyojazwa pumba za mpunga kutoka Dakawa ili watoto wayapige. Mimi niliongoza watu wa Kihindi, na sijabadilika mpaka leo. Tulitaka ngazi, mapazia, maua, na mahali pa kuzunguka nguzo ukiimba. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa upande wake peke yake. Alisema bembea ni ya kwetu, basi na picha ziwe za kwetu, sungura na fisi, na akauliza kwa nini tumlete mtu wa mbali aje kutuchezea uwanjani. Kaka akamjibu kwa heshima zote kwamba sungura na fisi kila mtoto anasimuliwa bure na bibi yake, hatatoka nyumbani kuwafuata. Mwalimu akasema huyo mpiganaji wenu mtamchoka mwakani, atakuja mwingine, mtapaka rangi upya. Kwa kweli alisema sawa, ila siku hiyo hakuna aliyemsikiliza. Tulibishana gengeni, kisimani, hata nje ya kanisa misa ikiendelea. Wako waliokatishana salamu.

Mama alichoka, akasema kiwanja ni cha ukoo, aitwe mjomba.

Mjomba akashuka na mkungu wa ndizi begani. Alitusikiliza wote, halafu akasema hawezi kuruhusu watu asiowaona wakae kwenye ardhi ya mama yake. Apelekwe akawaone. Hivyo Jumamosi mchana tukampeleka kwenye video, amevaa koti lake la kanisani. Mwenye banda akamwingiza bila kiingilio, kwa sababu Wanyamwezi ni watani wetu, akisema Mluguru akishuka mlimani lazima alishwe chochote, hata picha. Mjomba akamwambia jenereta lake linakohoa kama baba yake, kisha akaketi benchi la mbele.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya Kichina. Steringi, yaani shujaa wa filamu, ni kijana, baba yake anauawa na majambazi, nyumba inachomwa, anabaki peke yake barabarani. Mimi nilikuwa namnong'oneza mjomba yanayoendelea. Alitazama kwa makini sana, mikono magotini. Kijana alipoanza kulala njaa porini, mjomba akageuka, akauliza kwa sauti ya kawaida, ambayo kwa mtu wa milimani ni sauti ya kumfikia mtu wa kilima cha pili:

“Mjomba wake yuko wapi?”

Banda zima likacheka. Nikamwambia hana.

“Hana mjomba? Mama yake aliokotwa?”

Akaendelea kuuliza. Kijana alipovunjwa mkono, mjomba wake yuko wapi. Alipojifunza kupigana kwa mzee asiyemjua, ndugu wa mama yake hawana habari? Kicheko kikaisha, watu wakaanza kumnyamazisha kwa adabu, na kaka yangu akajikunyata kwenye benchi. Kwa mjomba, kisasi na makonde yale yote yalikuwa mambo madogo. Msiba ulikuwa ni ule wa mtoto asiye na mtu wa kumwulizia.

Nikafurahi, nikajua zamu ya Kihindi tutashinda, maana kule ndugu hawakosekani. Kweli, kwenye filamu ile mjomba alikuwepo, tena na masharubu mazuri. Ila ndiye aliyeiba mali ya mpwa wake na kumtupa kijana wa watu mtoni. Mjomba wetu akasimama, akavaa kofia, akatoka nje. Hakukasirika tu, aliumia. Nilimkuta amesimama kando ya jenereta, akaniambia nisitazame tena vitu vile.

Basi tukashindwa hivyo, na mpaka leo naona tulionewa.

Mjomba akatoa uamuzi wake jioni ileile, mbele ya mama na kaka. Yule kijana wa kwanza achorwe, anamhurumia. Lakini achorwe pamoja na mjomba wake, mlangoni mwa kutokea, ili mtoto akimaliza kupigana amkute mtu.

Kaka, ambaye hajawahi kumjibu mjomba, siku hiyo alimjibu. Alisema kwa upole kwamba filamu ni ya watu na haina mjomba. Wapenzi wake wameitazama mpaka wanaijua neno kwa neno, na wakiona ameongezewa mtu watatucheka mpaka Kihonda. Mjomba naye akasema kwa upole uleule kwamba ardhi haina mtoto asiye na mjomba. Idi ilikuwa imekaribia. Mama akawatazama wote wawili, kaka yake na mwanawe, uso umemshuka, na mimi nikawa kama nayaona mabomba yakipakiwa kwenye mkokoteni.

Mwishowe mama akasema mlangoni paachwe wazi. Kuta zote zichorwe, pale pasichorwe kitu, patamaliziwa baadaye. Kwa kuwa hakuna aliyeshinda, wote wakakubali.

Kaka alichora vizuri, lazima niseme, ingawa steringi wake alikuwa na pua ya Kiluguru. Asubuhi ya Idi mjomba alishuka tena na ndizi, mbivu safari hii. Akapita ndani ya nyumba ya filamu taratibu, akakagua kila ukuta, akafika kwenye ule ukuta mtupu. Akaomba kigoda, akakiweka mbele ya ukuta, akakaa na koti lake na kofia, mkungu wa ndizi pembeni.

Mtoto wa kwanza alitoka ndani anahema, vumbi la pumba usoni, akamkuta mzee. Akatoa shikamoo. Mjomba akamwitikia, akamsifu kwa kupigana, akamwuliza mama yake ni nani na ametoka wapi, akampa ndizi. Mtoto alikimbia kuwaambia wenzake kwamba huko mwisho kuna mjomba wa steringi mwenyewe. Ilipofika adhuhuri foleni ilikuwa imepita kwa mwalimu. Watoto walitoka hata kule kwenye bembea za injini. Wengine hawakutaka kupiga magunia, walitaka kufika kwa mjomba tu. Mama alikuwa akikata tiketi huku machozi yanamtoka, akisingizia moshi wa pilau la majirani.

Kuanzia siku hiyo mahali petu pakaitwa kwa Mjomba. Kila sikukuu alishuka. Wapenzi wa Kichina wakaanza kubishana kama yumo kwenye filamu au hayumo, na baada ya muda wapo walioapa kwamba yumo, sehemu ya pili.

Maneno ya mwalimu yakatimia. Yule mpiganaji alichosha, akaja mwingine mwenye bunduki, kaka akapaka rangi upya, kisha akapaka tena. Ukuta wa mlangoni tu hakuugusa.

Miaka mingi baadaye mjomba alifariki, kipindi cha masika, tukamzika kwao milimani. Krismasi iliyofuata tulifungua bila moyo. Kaka alikuwa ndani akirekebisha gunia lililopasuka. Binti yangu mkubwa alipita, akapiga makonde yake, akatokea mlangoni. Akakitazama kigoda kitupu, akageuka.

“Mama, mjomba yuko wapi?”

Mama yangu aliacha tiketi, akamtazama kaka. Kaka alikuwa amesikia. Akaweka gunia chini, akajifuta pumba mikononi, akaenda kukaa kwenye kigoda.

“Shikamoo, mjomba,” binti yangu akasema.

“Marahaba,” kaka akaitika. “Umepigana vizuri. Mama yako ni nani?”