Mti wa Bibi Anastazia ulivyotoa "damu", na mimi mkalimani nikala kona

Wakuu, heshima zenu. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje.

Miaka ile ya wakimbizi, miti ya Ngara ilikuwa inaisha kwa kuni. Mimi nimemaliza form four, nipo nyumbani Kibimba nacheza drafti.

Akaja dada mmoja mtafiti kutoka chuo, tukamwita Dokta. (Wazee wakaanza kumletea magoti yanayouma. Siku ya pili akachoka kukataa, akawa anayaangalia tu.) Alihitaji mtu wa kumtafsiria Kihangaza, nikapata kibarua.

Alikuwa anatafuta laikeni. Mnazijua, yale mabaka ya kijivu yaliyoganda kwenye magome na mawe. Alitaka kuzitambua na kuziandika kabla miti haijaisha.

Wiki nzima tunachungulia magome kwa lenzi, hamna jipya.

Siku ya mwisho tukafika kwa Bibi Anastazia. Uani kuna mti mkubwa, wanawe wamepanga kuukata kesho yake wachomee matofali. Dokta akaweka lenzi, mara akaanza kurukaruka.

Nikauliza, "Shikamoo bibi. Hiki mnakiitaje?"

"Marahaba. Huo ni upele wa mti."

Dokta akatoa kichupa cha dawa ya kung'arishia nguo. Ukidondoshea laikeni, rangi inasaidia kujua ni aina gani. Akadondosha tone.

Pale pale ikawa nyekundu!

Bibi akapiga yowe: "Yesu wangu! Mmeujeruhi!"

Wakuu, wa kwanza kukimbia alikuwa mkalimani. Nilijikuta kwenye migomba ya jirani na kiatu kimoja.

Niliporudi, Dokta alikuwa anahangaika kueleza kwa Kiswahili kwamba ni kemikali tu. Bibi, wa Kihangaza tu, wala hasikii. Kabla sijatafsiri neno, akawaambia wanawe, "Atakayeugusa mti huu asiniite mama tena."

Mti ukapona.

Baadaye barua ya Dokta ikaja. Laikeni ile ni adimu sana. Iliwahi kuokotwa mara moja tu, mbali huko, ikahifadhiwa kimakosa kwenye bahasha ya aina nyingine. Sasa imepewa jina lake la Kilatini.

Nikamsomea Bibi. Akatafakari.

"Kumbe upele umebatizwa. Na padri gani?"

Nilichojifunza: sayansi yote alikuwa nayo Dokta, lakini mti uliokolewa na Bibi kutomwelewa. Kuna siku mkalimani anasaidia zaidi akiwa mbioni.

Watu wa Ngara na Biharamulo, yale mabaka kwenu mnayaitaje? Semeni, na mnicheke taratibu.