Udongo wa Kumlaza Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Lugoba nimevaa viatu vya harusi. Sikuwa na vingine. Ndoa yangu na Mwanahawa ilikuwa bado changa, hata hina haijamtoka mikononi. Mjiolojia wa Kanda, mtu mrefu asiyecheka ovyo, alinitazama miguuni, kisha usoni.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Bwana harusi, huku hatuli walima, huku tunapanda vilima. Umeaga nyumbani vizuri?"

"Nimeaga, mzee."

"Basi zoea. Kazi hii inataka mtu anayejua kuaga."

Jioni soli ilikuwa imebanduka, nami natembea kama kuku mgonjwa.

Tulikuwa tukitafuta mawe ya kupasuliwa kuwa kokoto za barabara. Jiwe la Lugoba limepikwa na joto na kukandamizwa chini ya ardhi hata likabadilika tabia. Ukiligonga kwa nyundo, lililo zima hulia. Lililooza hujibu kwa sauti nzito na kumeguka. Siwabezi vijana wa leo na mitambo yao, ila nawasikitikia wasiposhuka garini.

Kutoka Lugoba nilipelekwa Miono kutafuta maji ya visima, halafu mikoa ya mbali, kuliko na dhahabu na makaa ya mawe. Mwanahawa alibaki Bagamoyo katika nyumba ya marehemu mama yake. Wanangu wote walizaliwa mimi nikiwa porini. Siku moja niliomba ruhusa ya kwenda kumwona mzazi, na Msimamizi wa Uchimbaji akaniambia, "Mtambo unakodishwa, bwana. Mtoto atakungoja." Kweli aliningoja. Nilipofika alikuwa anakaa mwenyewe kwenye mkeka, akaniona, akalia kwa hofu. Mwanahawa akacheka, akamwambia, "Nyamaza, huyu ndiye baba."

Nilipostaafu nilidhani nyundo imepumzika. Kumbe mjini kwetu kazi ilikuwa ndiyo inaanza. Bagamoyo imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Mvua za miaka na miaka zimeula mwamba ule, zikaacha mashimo ambayo baadaye yalijaa udongo mwekundu. Juu huoni kitu, ni majani tu. Na kaburi letu linataka mwanandani, ule ubavu unaochimbwa chini kabisa upande wa kibla ili maiti alazwe humo. Penye mchanga mtupu mwanandani humomonyoka. Penye mwamba hauchimbiki. Basi kila palipotokea msiba, watu walinijia. Nilichukua mtaimbo, nikadunga hapa na pale, nikaonyesha penye udongo. Wakanitania kwa jina la Mjiolojia wa Makaburi. Sikuona vibaya. Kwa mara ya kwanza elimu yangu ilikuwa inawafaa majirani zangu.

Kisha Mwanahawa akaugua. Hakuwa mtu wa kuomba vitu. Aliomba kimoja, mbele yangu na mbele ya kaka yake, Mzee Athumani: "Nikifa, nilazeni ubavuni kwa mama."

Siku alipofariki, wachimbaji walianza kaburi ubavuni kwa mama yake, mapema, kwa kuwa tulikusudia kuzika baada ya Adhuhuri. Hawakufika magotini, sururu zikaanza kutoa cheche. Nikaitwa. Nilidunga ubavu wa kulia, nikadunga wa kushoto. Mwamba mtupu, wa kutaka baruti.

"Shemeji," Mzee Athumani akaniambia, "umewapatia watu wote mjini. Dada yangu hutampatia?"

Nilizunguka lile kaburi la mama mkwe huku machozi yananitoka na watu wananitazama. Upande wa bara, miguuni pake, mtaimbo ukazama. Nikauchomoa, ncha ikatoka na udongo mwekundu.

"Hapa," nikasema. "Ubavuni haiwezekani. Ni hapa miguuni."

Mzee Athumani aliinama akaugusa ule udongo. Nilihofu atakataa, na adhana imekaribia. Kisha akavua kofia, akajifuta uso.

"Miguuni pa mama," akasema. "Si ndiko tulikofundishwa iliko pepo? Chimbeni."

Mwanandani ulikaa vizuri, hata punje haikudondoka. Nilishuka na wanangu wawili, tukampokea, tukamgeuza kibla, tukapanga viunza, zile mbao za kumfunikia.

Sasa naishi peke yangu katika nyumba ile. Asubuhi nasoma Yasini, jioni namwagilia miche ya asumini aliyoiacha. Mzee wa kazi kama mimi hujuta mambo machache akiyapima yote. Watu wa Miono wanakunywa maji, na barabara ya Chalinze imetandikwa mawe niliyoyagonga kwa mkono wangu. Najua thamani ya hayo.

Juzi kijana wangu mkubwa, Selemani, alikuja kunijulia hali. Alizungukazunguka mada, mwisho akasema, "Baba, Mungu akupe umri. Ila tungependa kujua mapema. Kando ya mama, sivyo?"

Nilimwambia tutazungumza siku nyingine. Siku ile ya mazishi, kabla ya kuwaambia wachimbe, nilikuwa nimedunga mtaimbo pande zote za pale miguuni. Udongo ule ni wa kaburi moja tu. Kando ya Mwanahawa, kulia na kushoto, ni mwamba.