Mkono wa Kushoto wa Kwandu

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia Bariadi na kuanza kugombea pamba, chama cha ushirika kiliuza lori lake, na timu ya riadha ya kiwanda cha kuchambua pamba ikawa ya kuomba lifti. Ndivyo Felisita, mmoja wa wakimbiaji, alivyopanda juu ya marobota ya pamba siku moja kwenda Lamadi. Lori likapinduka kwenye kona, naye akafa.

Katika mbio za kupokezana, Kwandu ndiye aliyekuwa akipokea kijiti kutoka kwake. Felisita alikuwa wa mashoto, kwa hiyo Kwandu alizoea kupokea kwa kushoto. Hata wakipalilia, walipasiana kipande cha mpini wa jembe katikati ya matuta. "Kamata, mayu!" Felisita alikuwa akisema, akimwita mama kama wanavyoitana wanawake wa Kisukuma.

Nafasi yake akapewa Benedikta, wa mkono wa kulia. Mashindano ya mkoa yalikaribia, na meneja wa kiwanda alishatamka: mkishindwa, timu inavunjwa.

Kila jioni kocha Kasmiri aliwaketisha kwenye benchi. "Fumbeni macho. Kimbieni kichwani kwanza, mwili utafuata."

Kwandu alifumba. Aliuona mstari wa chokaa, akasikia nyayo nyuma yake, paja likaanza kumcheza. Kisha kijiti kikaja, na aliyekishika alikuwa Felisita, nyuzi za pamba zimemnasa kwenye nywele. Kwandu akanyoosha kushoto.

Uwanjani ikawa vilevile. Benedikta alileta kulia, Kwandu akatoa kushoto, kijiti kikaanguka.

"Shoga, unapokea kijiti au unaomba chumvi?" Philomena, mkimbiaji wa mwisho, alicheka.

Benedikta hakucheka. "Dada Kwandu, mimi si marehemu. Nione mimi."

"Nikifumba macho sikuoni."

Kocha akakiokota kijiti. "Basi usifumbe tena. Benedikta, mpe kwa kushoto. Tembeeni tu, polepole, mpaka mkono wake ukujue."

Wakatembea vumbini jioni baada ya jioni, Kwandu akigeuka kuutazama uso wa mwenzake kila kijiti kilipomfikia. Taratibu hata kichwani uso ule ukaanza kuwa wa Benedikta. Nywele tu zilibaki na pamba.

Siku ya mashindano, Shinyanga, Kwandu alisimama akitazama mbele.

"Kamata, mayu!"

Akanyoosha, kiganja kikajaa, akatimka. Philomena alimaliza kwa kutanguliza kifua tu, lakini alikuwa wa kwanza.

"Umefanya vizuri kuniita vile," Kwandu alimwambia Benedikta, aliyekuwa ameinama akihema.

"Kukuita? Dada, pumzi ningeitoa wapi? Nimeona umeshanyoosha mkono, nikakuwekea."

Timu haikuvunjwa. Kwandu hakukimbia tena.

Sasa analima pamba yake kando ya barabara. Lori la marobota likipita, jembe hubaki mkono wa kulia. Wa kushoto hunyooka nyuma wenyewe, kiganja wazi. Yeye hageuki kutazama.